Mashine ikifa, kazi ya sanaa ibaki: ulinganisho wa njia nne za kuihifadhi

Huko Gwacheon, nje kidogo ya Seoul, katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa la Korea Kusini, kuna mnara wa runinga. Nam June Paik, msanii wa video mzaliwa wa Korea, aliuunda mwaka 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul: runinga 1,003 zimepandana ngazi kwa ngazi hadi mita 18.5, pana chini, nyembamba juu. Idadi hiyo ni tarehe 3 ya mwezi wa 10, sikukuu ya kuasisiwa kwa taifa la Korea. Februari 2018 mnara ulizimwa kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vimechoka kiasi cha kuhatarisha usalama. Ulipowashwa tena rasmi Septemba 2022, runinga 737 zilikuwa bado za kichogo, zimekarabatiwa au nafasi zake kuchukuliwa na mitumba. Nyingine 266, zile ndogo za inchi 6 na 10 zilizoko juu, zilikuwa zimewekewa vioo bapa vya LCD. Video zinazochezwa humo nazo zilikuwa zimehamishiwa kwenye faili za dijitali.

Kazi moja, na kila sehemu yake imepewa dawa yake. Ndiyo maana ukiniuliza njia ipi ni bora, nitakuuliza kwanza: bora kwa sehemu ipi ya kazi? Mwenye kazi ya video, ya programu ya kompyuta, ya tovuti au ya slaidi huwa anafikiria kitu kimoja kinachoharibika, kumbe mle ndani mna vitu vitatu au vinne, na kila kimoja kinakufa kwa saa yake.

Njia zenyewe zinajulikana. Jumba la Guggenheim la New York, kupitia mpango ulioongozwa na Jon Ippolito, lilizipanga katika makundi manne, na mwaka 2003 mawazo hayo yakachapishwa pamoja na taasisi ya Daniel Langlois ya Montreal. Ya kwanza ni kutunza na kukarabati vifaa vya asili. Ya pili ni kuhamisha kazi kwenda kwenye teknolojia mpya. Ya tatu ni kuiga mashine ya zamani kwa kutumia mpya, yaani emulesheni. Ya nne ni kuifasiri kazi upya. Tuzishindanishe mbili mbili, maana ndivyo zinavyokuja mezani pale unapotakiwa kuamua.

Kichogo au kioo bapa?

Kwenye runinga ya kichogo kuna mrija mkubwa wa kioo, na picha huchorwa mstari kwa mstari na mwale wa elektroni unaopiga kioo kwa ndani. Kioo kimebinuka, mwanga wake una joto fulani, na boksi lenyewe lina uzito na kimo chake pale sakafuni. Mwaka 1965 Paik huyohuyo aliweka sumaku kubwa juu ya runinga, na picha ikajikunja kama kitambaa kilichokamatwa na upepo. Hapo mrija ndio malighafi. Ukiweka sumaku hiyo juu ya LCD hutaona lolote, kwa sababu hakuna mwale wa elektroni wa kupindwa. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna mjadala: bila mrija, kazi haipo.

Sasa tazama kazi nyingine ya Paik, ile ramani kubwa ya Marekani ya neon na runinga ya mwaka 1995 iliyoko Smithsonian, Washington. Ina runinga 336, na orodha ya vifaa vyake inataja deki 50 za DVD. DVD haikuwa imeingia sokoni mwaka 1995. Maana yake deki zilibadilishwa baadaye, na sijasikia mtu aliyelalamika, kwa sababu deki iko nyuma ya pazia na kazi yake ni kupeleka picha tu. Leo DVD nayo imezeeka. Zitabadilishwa tena, na ni sawa.

Basi kipimo changu ni hiki: kifaa kinachoonekana, kinachosikika au kinachoguswa na mtazamaji, kikarabati hadi dakika ya mwisho. Kifaa kilichofichwa kibadilishe mapema, kabla hakijakufa na kitu ndani yake. Kwa kipimo hicho naona watu wa Gwacheon waliamua vizuri. Vioo bapa wameviweka mbali na jicho, vichogo wamevibakiza pale mtazamaji anapofika karibu.

Ukarabati wenyewe ni kazi ya mikono. Niliwahi kumsaidia fundi kufungua runinga ya inchi 14 iliyokuwa iingie kwenye onyesho (nitarudi kwenye onyesho hilo mwishoni). Kabla ya kugusa chochote alichomoa plagi, akafunga waya kwenye shina la bisibisi, ncha ya pili ya waya akaibana kwenye chasisi. Kisha akaipenyeza bisibisi taratibu chini ya kile kikofia cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa mrija. Chap! Cheche ya bluu. "Hii ingekurusha," akasema, "hata kama imezimwa tangu jana." Ndani, kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa. Tulizibadilisha zote kwa bei ya chai na chapati, na picha iliyokuwa imesinyaa pembeni ikajaa kioo kizima.

Maarifa haya kwetu bado yako mikononi mwa mafundi wa Kariakoo na Luthuli Avenue, na msanii wa Dar es Salaam au Nairobi anayetumia runinga za zamani ana bahati ambayo haitadumu. Fundi anaweza kubadilisha kapasita, anaweza kupata flaibeki, kile kifaa kinachoupa mrija umeme mkubwa, kwenye runinga iliyotupwa, lakini mrija uliofifia hakuna wa kuutengeneza upya. Kwa hiyo ukichagua njia hii, nunua runinga mbili au tatu za ziada za modeli ileile sasa hivi, ziweke mahali pakavu, na uziwashe mara kwa mara. Jua pia kwamba ni njia ya kuongeza miaka tu. Siku moja akiba itaisha.

Kanda za video: hapa kuhamisha kunashinda wazi

Tenzi za zamani za Pate na Lamu zilitufikia kwa mkono wa mnakili aliyenakili nakala ya mnakili mwenzake. Kuhamisha video ni kazi ya namna hiyo, na usipoihamisha kanda itakufa tu. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha Julai 2016. Kanda hata ikibaki nzima, deki ya kuisoma inazidi kuadimika kila mwaka.

Ila kuna kuhamisha na kuhamisha. Kanda ya MiniDV, ambayo wasanii wengi wa miaka ya 2000 waliitumia, ni ya dijitali tayari. Ukiitoa kwa waya wa FireWire unapata data ileile iliyo kwenye kanda, karibu GB 13 kwa saa moja, bila kupoteza kitu. Ukiitoa kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, unaigeuza dijitali kuwa analogi, halafu analogi kuwa dijitali tena, na kila mgeuzo unakula sehemu yake. Nimeona watu wakilipia huduma hiyo ya pili na kupokea flashi yenye MP4 nyepesi, kisha kanda ikatupwa. Kanda usitupe.

VHS, U-matic na Betacam ni za analogi, kwa hiyo mgeuzo hauepukiki. Tafuta deki iliyosafishwa vichwa na kifaa cha kutuliza mwendo wa mawimbi kabla picha haijaingia kwenye kompyuta, la sivyo mistari ya juu itapinda. Nakala kuu iwe FFV1, njia mojawapo ya kubana video, ndani ya faili la MKV: haibani kwa kutupa, na kanuni zake ziko wazi kwa yeyote, hazimilikiwi na kampuni moja. Video isiyobanwa kabisa hufikia karibu GB 100 kwa saa. FFV1 huipunguza mno bila kupoteza chembe.

Jambo moja ambalo mafundi wa studio hulikosea: video za PAL, tulizotumia Afrika Mashariki, hazina picha 25 kamili kwa sekunde. Zina nusu-picha 50, mistari ya witiri na mistari ya shufwa ikipokezana. Kompyuta ikizionyesha utaona mikato kama meno ya kitana pembeni mwa kitu kinachokwenda, na fundi atataka kuyafuta. Kwenye nakala ya kuweka mtandaoni afute. Kwenye nakala kuu asiguse, maana ule ulaini wa mwendo umo ndani ya nusu-picha hizo, na ukishaunganisha huwezi kuzitenganisha tena zikawa kama zilivyokuwa.

Programu za kompyuta: kuhamisha au kuiga?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, na ndipo mtu huumiza kazi kwa nia njema.

Kuhamisha programu maana yake ni kuandika upya msimbo. Mfano mzuri ni "Brandon" ya Shu Lea Cheang, kazi ya kwanza ya mtandaoni kuagizwa na Guggenheim, ya mwaka 1998 hadi 1999, iliyochukua jina la kijana Brandon Teena aliyeuawa Nebraska mwaka 1993. Sehemu zake zilitegemea vipande vya Java, yaani programu ndogo zilizoendeshwa ndani ya kivinjari. Chrome ilifunga mlango huo mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017. Guggenheim kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha New York waliipitia kazi mstari kwa mstari, wakavipa vile vipande vya Java mbadala wa JavaScript na picha za GIF, na msimbo wa zamani wakaunyamazisha ndani ya faili badala ya kuufuta. Msomaji wa kesho ataona kilichokuwapo na kilichoongezwa. Matokeo: mtu yeyote anafungua tovuti kwenye kivinjari cha leo, kazi inaonekana.

Kuiga ni kinyume chake: msimbo wa kazi huugusi hata kidogo, unatengeneza mazingira bandia yanayoifanya programu idhani iko kwenye mashine yake ya zamani. Mwaka 2015 taasisi ya Rhizome ya New York ilirudisha hivyo CD-ROM tatu za Theresa Duncan, michezo ya wasichana aliyoitoa kati ya 1995 na 1997. Mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 2007. Walitumia mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ambamo kompyuta ya zamani inaendeshwa kwenye seva na wewe unaitazama na kuibofya kupitia kivinjari chako. CD ni ileile, hitilafu zake ni zilezile, rangi ni zilezile.

Ukizilinganisha hizi mbili, emulesheni ina faida ambayo watu hawaipigii hesabu: emuleta moja, yaani programu moja ya kuigia, hufufua maelfu ya kazi. Ruffle ni ushahidi. Adobe ilipositisha Flash, programu iliyoendesha michezo na katuni za mtandaoni, mwisho wa mwaka 2020 na kuizuia kabisa Januari 2021, kazi chungu nzima zilizimika kwa siku moja. Ruffle, emuleta ya Flash inayotengenezwa na watu wa kujitolea, imerudisha nyingi bila mtu kuandika upya hata moja. Jaribu kuwaza gharama ya kuzihamisha moja moja.

Faida nyingine ni mwendo. Programu nyingi za zamani zilitegemea upole wa mashine yao. Ukiziweka kwenye kompyuta ya leo, mchoro uliokuwa unatambaa unapita kama risasi. Emuleta nzuri huweza kuifunga breki mashine mpya ikaenda kwa mwendo wa ile ya zamani. Mwandishi wa msimbo mpya anaweza kuisahau breki hiyo kabisa, kwa sababu haijaandikwa popote kwenye msimbo wa mwanzo.

Hasara nazo zipo. Emuleta hairudishi kipanya cha gololi, wala mlio wa diski ikitafuta faili, wala kioo cha kichogo. Inahitaji mfumo endeshi wa zamani ambao leseni yake ina mwenyewe. Na emuleta ni programu, nayo itazeeka, nayo itahitaji mtu wa kuihudumia. Mwaka 2004 Guggenheim ilifanya jambo la uaminifu sana: iliweka kazi za asili na matoleo yake ya emulesheni bega kwa bega ukumbini, watazamaji wajaribu zote. Mojawapo ilikuwa "The Erl King" ya Grahame Weinbren na Roberta Friedman, video ya kuamrishwa kwa kugusa kioo, iliyoundwa 1982 hadi 1985 kwa kompyuta ya Sony na santuri za leza. Natamani kila jumba linalohifadhi sanaa lifanye hivyo mara moja kabla mashine ya asili haijazima, maana baada ya hapo hakuna wa kusema nakala imefanana au haijafanana.

Uamuzi wangu: kwa programu inayojitegemea, CD-ROM au diski, anza na emulesheni. Kwa tovuti ambayo uhai wake ni kufikiwa na mtu yeyote kutoka simu yoyote, hamisha, lakini hamisha kama walivyofanya kwa "Brandon", bila kufuta. Na kwa tovuti inayotegemea tovuti nyingine, kuiga kompyuta pekee hakutoshi. Intaneti ya mwaka 1998 huwezi kuiweka kwenye boksi. Hapo inabidi kurekodi kurasa zenyewe katika faili za WARC, muundo wa kuhifadhia kurasa za wavuti, pamoja na viungo vyake, na kuzifungua kwa kivinjari cha enzi zake. Tovuti ya oldweb.today inafanya hivyo bure. Ijaribu uone tofauti ya ukurasa uleule kwenye kivinjari cha zamani na cha leo.

Kufasiri upya

Njia hii kwetu haihitaji maelezo marefu. Ngoma huhifadhiwa kwa kuchezwa, na hakuna anayedai kwamba ya mwaka huu ni nakala ya ya mwaka jana. Mwaka 2005 jumba la sanaa la Tate la London lilinunua kazi ya Roman Ondak ambayo ni foleni: watu wanapanga mstari mahali ambapo hakuna kinachogawiwa. Kinachotunzwa ni maelekezo. Wapangaji hubadilika kila mara.

Kwa kazi ya kiteknolojia naiweka mwisho. Msanii akiwa hai na akakubali, ni njia nzuri kuliko zote, kwa sababu yeye ndiye anayejua kipi kikiondoka kazi imeondoka. Msanii akiwa amefariki bila kuacha neno, unachokifanya kinaanza kuwa kazi yako wewe, na uungwana unataka ubao pale ukutani useme hivyo.

Kabla ya kuchagua chochote

Njia zote nne zinasimama juu ya kazi moja isiyo na sifa: kuokoa data ghafi. Mwaka 2014 wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walisoma diski za kompyuta ya Amiga za msanii Andy Warhol za mwaka 1985 zilizokuwa kwenye jumba lake huko Pittsburgh, wakakuta michoro yake imo, katika muundo wa faili usiofahamika ambao ilibidi waufumbue. Mtu angeamua tu kwamba diski hizo hazisomeki tena, pasingekuwa na cha kuhamisha wala cha kuiga.

Nakala tatu, aina mbili za chombo, moja ikae jengo jingine. Kila faili lipigie hesabu ya SHA-256, ambayo jibu lake ni kama alama ya kidole ya faili hilo, uliandike jibu hilo, na kila mwaka uipige tena; herufi moja ikibadilika, faili limeharibika, na unachukua nakala nzima kutoka kwa nyingine. Diski za kuchoma, CD-R na DVD-R, usizitegemee. Kanda za LTO, zile za sumaku za kuhifadhia data ya kompyuta, ni nzuri kwa wingi wa data, lakini deki ya LTO-8 husoma kizazi kimoja tu cha nyuma yake, kwa hiyo hata hizo zinakulazimisha kuhama kila baada ya miaka. Bajeti ya kuhifadhi ni kama kodi ya nyumba, haina mwezi wa mwisho.

Na msanii ahojiwe. Sasa turudi kwenye ile runinga ya inchi 14.

Rafiki yangu, msanii wa Dar es Salaam, alikuwa na kazi ya mwaka 2009: runinga moja sakafuni, haina antena, inaonyesha chenga, na mbele yake mkeka. Basi. Mwaka ule kila aliyeingia aliijua ile hali, ya stesheni kufunga usiku na chenga kuijaza sebule. Desemba 31, 2012 mitambo ya analogi ikazimwa Dar, ving'amuzi vikashika hatamu. Alipoombwa kuionyesha kazi tena, wenye ukumbi walimpa runinga mpya bapa. Walipoiwasha bila antena ikatoa kioo cha bluu na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Runinga za sasa zimefundishwa kuficha chenga.

Njia zote nne zilikuwa mbele yetu kwenye mkeka ule. Turekodi chenga na kuzicheza kama video. Tutafute kichogo. Tuandike programu ndogo ya kuzalisha chenga. Au aibadilishe kazi iwe ile bluu yenyewe, ambayo ndiyo ukimya wa runinga wa siku hizi. Nilipendelea ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi. Yeye akakaa mkekani, akatazama video tuliyoirekodi kwa dakika kama kumi, kisha akasema, "Hapana. Hii inajirudia. Nimeshaona lile doa jeupe mara tatu."

Ndipo tukaenda kwa fundi. Siku ya kufungua onyesho kichogo kilinguruma vizuri, na watoto waliokuja na wazazi wao walikaa mbele yake muda mrefu kuliko sisi tuliokulia nacho. Kabla hatujakipakia kurudi stoo, alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi, akaibandika kwa gundi ya karatasi mgongoni mwa boksi, pembeni mwa kile kikofia cha mpira: "Runinga zikikosekana kabisa, tumieni kompyuta itoe chenga zisizojirudia. Sauti iwepo. Msirekodi." Akatia sahihi na tarehe.